Holili, Tarakea au Namanga? Kuvuka Kenya na watoto wadogo na kurudi siku hiyo hiyo

Mzazi wa Moshi au Arusha anayetaka kuwatoa watoto nje ya nchi asubuhi na kulala nao kwake usiku ana njia tatu za maana. Unapita Holili unatokea Taveta, unapita Tarakea unatokea Illasit na Loitokitok, au unapita Namanga. Wengi huwa wanachagua kwa kuangalia kilichopo ng'ambo, yani hifadhi ya Amboseli kuna tembo basi twendeni Amboseli, na hapo ndo siku ya watoto inapoharibikia kabla hata haijaanza. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 anza kuhesabu masaa ya kukaa kwenye gari, kisha mpaka wenyewe, halafu ndo uje kwenye tembo. Nitalinganisha kwa mpangilio huo huo.

Masaa ya gari

Moshi mpaka Holili ni kama kilometa 40, unaenda hadi Himo, unanyoosha, lami mwanzo mwisho na saa moja haiishi. Ukishavuka, Taveta mjini iko hapo hapo, dakika chache tu na watoto wanashuka. Kwa mtu wa Arusha ongeza kilometa 80, na wote tunaijua ile barabara ya Arusha na Moshi, vibao vya 50 kila kijiji na trafiki wamekaa kivulini, kwa hiyo piga saa mbili na nusu hadi tatu bila ligi.

Tarakea kwa Moshi ni karibu kilometa 100, unapanda Himo, Marangu Mtoni, Mwika, Mkuu, unazunguka mgongo wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro mpaka unatokea Rombo juu. Barabara nzuri, migomba kushoto migomba kulia, hewa safi, ila kona zake sasa! Mtoto anayetapika kwenye gari atatapika kwenye hii barabara, na atatapika tena jioni mnarudi. Ukishavuka unapita Loitokitok, unashuka hadi Kimana, halafu geti la Kimana la Amboseli. Kutoka mpakani mpaka getini weka saa moja na kidogo. Jumla ni masaa matatu na nusu hivi kwenda, na mengine kama hayo kurudi.

Namanga kwa Arusha ni kama kilometa 110 na ndo barabara rahisi kuliko zote, unapita Oldonyo Sambu, unashuka kwenye uwanda wa Longido, imenyooka, pana, na mara nyingi mtabahatika kuona twiga pembeni kabla hata hamjafika mpakani, watoto wanakuwa wameshafurahi bure. Shida inaanza baada ya mpaka. Kutoka Namanga kwenda Amboseli kwa geti la Meshanani mpaka katikati ya hifadhi ni kama kilometa 75, na nilivyoipita mimi ilikuwa vumbi na matuta ya kutikisa meno, mtoto wa kubebwa halali na asiyelala analia. Ukijumlisha na muda wa mpakani mtu wa Arusha anakaa barabarani masaa manne na zaidi kwa upande mmoja.

Kwa hiyo kwenye masaa tu Holili inashinda mbali sana, na hata kwa mtu wa Arusha ambaye kilometa za kufika Holili na Namanga hazipishani sana kwenye ramani, bado Holili ni nyepesi, kwa sababu ukifika mpakani umefika, huna kipande kingine cha saa mbili mbele yako.

Mpakani penyewe

Holili na Namanga zote ni vituo vya pamoja, maafisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja. Namanga ilizinduliwa na marais Magufuli na Uhuru Kenyatta tarehe 1 Desemba 2018, Holili na Taveta ilitangulia mwaka 2016. Maana yake kwa mzazi ni kwamba ukienda unasimama mara moja tu, upande wa Kenya, unagongewa kutoka na kuingia madirisha yanayofuatana, na ukirudi unasimama upande wetu. Kwa aliyebeba mtoto mgongoni na mwingine kamshika mkono hii ni nafuu kubwa sana, zamani ilikuwa unapanga foleni, unatembea na jua, unapanga foleni tena.

Tofauti ni watu. Namanga ndo njia kuu ya Arusha na Nairobi, malori yamejipanga, shuttle zikifika zinamwaga abiria kwa mkupuo na foleni inafika mlangoni. Ukiwahi kabla ya hizo shuttle unapita vizuri, ukichelewa umekwama na watoto wanaanza kuuliza choo. Nje kuna kina mama wa Kimaasai wanauza shanga na bangili, wachangamfu na wanasukuma biashara kweli kweli, mtoto ataning'inizwa bangili mkononi kabla hujasema kitu, kwa hiyo mwambie mapema kama mtanunua au la. Holili imetulia zaidi, isipokuwa Jumatano na Jumamosi ambazo ni siku za soko Taveta, hapo watu na mizigo wanakuwa wengi. Tarakea ni mpaka mdogo, foleni si kubwa.

Sasa makaratasi, na hapa naomba unisome taratibu maana ndo panaporudisha familia nyumbani. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wao kwa wao wanavuka kwa kitambulisho. Sisi Tanzania hatumo kwenye huo utaratibu, kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi. Kila mtu anahitaji pasipoti au ile hati ya dharura ya kusafiria inayotolewa na ofisi za uhamiaji, na nikisema kila mtu namaanisha na kichanga cha miezi minne. Mtoto haandikwi kwenye pasi ya mama yake. Fuatilia wiki kadhaa kabla, siyo Ijumaa mchana. Beba vyeti vya kuzaliwa hata kama pasi zipo, na kama unasafiri na watoto bila baba yao au bila mama yao, pata barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Vivyo hivyo kwa bibi au shangazi anayevusha wajukuu na wapwa, bora uonekane umebeba makaratasi mengi kuliko uelezwe kuhusu usafirishaji haramu wa watoto mbele ya watoto wenyewe.

Chanjo ya homa ya manjano: mnaporudi upande wa Tanzania wanaweza kudai kadi, kwa sababu Kenya ni nchi yenye ugonjwa huo, na hii inawahusu walioanza mwaka mmoja na kuendelea. Chanjo hutolewa kuanzia miezi 9 na kadi inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo nayo haifanywi asubuhi ya safari. Uzuri ni kwamba ukishachoma mara moja ni ya maisha, kwa hiyo ifanye hata kama hujapanga tarehe.

Gari lako binafsi linavuka, unahitaji kadi yake halisi, bima ya COMESA ile wanayoiita kadi ya njano (siyo ile ya chanjo, watu wanachanganya), na kibali cha muda cha forodha upande wa Kenya. Kama gari limeandikwa jina la kaka yako au la kampuni, beba barua ya ruhusa. Ila usidhani utakodi gari la utalii la Arusha likupeleke hadi Amboseli, magari ya utalii hubadilishana abiria mpakani, utashuka la huku utapanda la kule na viti vyako vya watoto na mabegi yako yote.

Kilichopo ng'ambo

Taveta ni mji mdogo wenye joto, na mtu akikwambia ni sehemu ya kitalii amekudanganya. Kwa mtoto mdogo hata hivyo ina kila kitu anachohitaji ili aamini kwamba ameenda nchi nyingine: bendera tofauti, matatu zilizopakwa rangi, hela tofauti, mandazi yana shepu nyingine, watu wanaongea Kiswahili kile kile lakini hakilingani na cha nyumbani. Soko lao ni kubwa na linajulikana kwa ndizi, mikungu imepangwa chini mpaka mtu mzima anapotea ndani yake. Mimi huwa nawapa watoto sarafu za Kenya kila mmoja kidogo, zile zilizotoka mwishoni mwa 2018 zina wanyama, shilingi moja twiga, tano kifaru, kumi simba, ishirini tembo. Wa kwangu wa kati alisimama mbele ya mama muuza ndizi na sarafu zimebanwa kwenye kiganja, anatoa simba mmoja, anamwangalia mama usoni kama inatosha, anatoa simba wa pili, yule mama akampa ndizi tatu na kumwongezea moja kwa kuhesabu vizuri. Ile ndizi ya nyongeza aliishika njia nzima, hakutaka hata kuimenya. Hakuna geti la hifadhi linalotoa kitu kama hicho kwa bei hiyo.

Kutoka mjini kuna barabara ya lami inayokwenda Illasit na inapita karibu na Ziwa Chala, ziwa la kreta ambalo mpaka wa nchi mbili umelikata katikati, maji yake mengi yanatoka chini kwa chini kutoka Kilimanjaro na kina chake kinakaribia mita 100. Ukisimama ukingoni unaona maji ya bluu mbali chini na kuta za mawe zimezunguka pande zote. Ni pazuri kweli, lakini nasema kwa msisitizo, hapa ni pa kuangalia kutoka juu na mkono wa mtoto uwe mkononi mwako muda wote. Kingo ni mteremko mkali na majini kuna mamba, mwaka 2002 msichana wa Kiingereza aliuawa hapo akiogelea. Na niseme pia kama shida yako ni ziwa peke yake basi upande wetu wa Tanzania unatosha kabisa, unaliona bila pasi wala bima ya COMESA.

Watoto walioanza shule, kuanzia miaka 8 hivi, wapeleke pia kwenye makaburi ya kijeshi ya Taveta, yako mjini na yanatunzwa vizuri, mistari ya mawe meupe. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipiganwa hapa hapa, mlima mdogo wa Salaita uko barabara ya kwenda Voi na Februari 1916 Waingereza na Waafrika Kusini walishambulia wakarudishwa nyuma na jeshi la Wajerumani lililokuwa na askari wengi Waafrika. Mtoto anayesoma historia akiona jina la mtu na umri wake kwenye jiwe anauliza maswali ambayo kitabu hakimfanyi aulize. Wadogo wao watakimbia kimbia tu, kwa hiyo gawaneni, mmoja aende na wakubwa mwingine abaki kivulini na wadogo.

Kuna wanaosema mkishafika Taveta endeleeni hadi Tsavo Magharibi mkaone chemchem za Mzima, kuna chumba cha chini ya maji cha kutazama samaki na viboko. Pazuri, ila kwa kwenda na kurudi siku moja na watoto sahau, ni safari ya kulala.

Amboseli ni habari nyingine. Kilometa za mraba 392 tu, ndogo kwa hifadhi, uwanda mweupe wa vumbi na katikati mabwawa ya kijani yanayolishwa na maji ya Kilimanjaro, ndo maana tembo wako pale mwaka mzima na hawana wasiwasi na magari. Mtafiti Cynthia Moss alianza kuwafuatilia mwaka 1972 na utafiti huo unaendelea mpaka leo, kila tembo anajulikana kwa masikio yake. Wakitoka bwawani wanavuka barabara mbele ya gari mmoja mmoja, chini weusi tiii kwa tope, juu wa kijivu, na mstari unaotenganisha umenyooka pale tumboni mahali maji yalipoishia. Mtoto wa miaka 7 ataliongelea hilo mwaka mzima. Mtoto wa miaka 2, kwa uzoefu wa kina mama wengi ninaowajua, muda huo amelala, amechoka na safari, na akiamka anataka biskuti.

Jambo jingine hawalisemi sana, ndani ya hifadhi huruhusiwi kushuka kwenye gari ovyo. Sehemu kubwa ya kunyoosha miguu ni kile kilima cha kutazamia, Noomotio, unapanda kwa ngazi na unaona mabwawa yote. Kwa hiyo mtoto ametoka kukaa masaa manne, amefika, anaambiwa kaa tena usitoe kichwa dirishani. Wa miaka 8 anaelewa kwa sababu ana kitu cha kuangalia. Wa miaka 3 anaona ni adhabu. Mlima Kilimanjaro wenyewe, ambao sisi watu wa Moshi kutoka huko tunauona kwa nyuma yake, unaonekana vizuri asubuhi kabla mawingu hayajafunga, na anayetoka nyumbani siku hiyo hiyo mara nyingi anafika umeshajifunika.

Hela

Holili ni rahisi kwa kila kipimo, mafuta kidogo, hakuna kiingilio, chakula cha mjini cha kawaida, chapati na maharage, kuku, chips, soda. Shilingi ya Kenya piga kama 20 ya kwetu hivi, badilisha benki au kwenye duka rasmi la kubadilisha fedha, achana na wale vijana wanaokufuata na bunda mkononi, ukiwa na watoto macho yako hayawezi kuwa kwenye noti.

Amboseli unalipa kiingilio cha kila mtu na cha gari, watoto wachanga chini ya miaka 5 hawalipi, na geti halipokei keshi, malipo ni kwa mtandao, kwenye eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali ya Kenya. Lipa ukiwa nyumbani kwenye intaneti ya uhakika na uangalie bei ya siku hiyo kwenye tovuti ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, maana viwango wamekuwa wakivipitia. Ndani ya hifadhi vyakula vya loji ni bei ya watalii, kwa hiyo beba.

Na kwenye kubeba, msikilize mzazi mwenzio. Kenya walipiga marufuku mifuko ya rambo tangu Agosti 2017, yani kabla yetu, na tangu Juni 2020 hifadhi zao haziruhusu plastiki za kutumia mara moja, chupa za maji za dukani, vikombe, sahani, mirija, vyote hivyo mnaachishwa getini. Kwa mtu mwenye watoto hiyo ndo nusu ya begi. Hamisha maji kwenye chupa za chuma au madumu madogo ya kudumu, juisi za boksi zenye mirija ziache, uji kwenye chupa ya chai, vyombo vya bati, pampasi chafu ziwe na mfuko wake wa kitambaa wa kufua. Ukienda Taveta kikapu kinatosha.

Vyoo: Holili na Namanga vipo kwenye jengo la mpaka, tumieni hata kama mtoto anasema hasikii. Barabara ya Namanga kuchimba dawa ni uwandani hakuna hata kichaka, barabara ya Rombo ni vijiji mfululizo, omba kwenye nyumba au kanisani watu wa kule hawana shida. Beba poti ya mtoto kwenye gari, hiyo inamaliza mjadala.

Asiye na gari

Hapa hakuna ushindani. Holili kuna Noah na kosta kutoka stendi ya Moshi, unavuka kwa miguu, upande wa pili kuna usafiri wa kuingia mjini. Bodaboda zitakuwa za kwanza kukukimbilia ila mtoto mmoja mbele mmoja katikati mama nyuma na mkoba, hapana, subiri bajaji au gari. Namanga utafika kwa shuttle vizuri tu, lakini kutoka hapo kwenda Amboseli bila gari lako ni kukodi, na bei ikigawanywa kwa familia moja inauma.

Basi kama wote ni chini ya miaka 5, nenda Holili, toka saa 1 asubuhi, chagua Jumamosi kama unataka soko au siku nyingine kama unataka utulivu, saa 9 muwe mmeshaanza kurudi. Kama wote wana miaka 7 na kuendelea na wamezoea safari, nendeni Amboseli kwa siku moja, watu wa Moshi kwa Tarakea na watu wa Arusha kwa Namanga, muondoke saa 11 alfajiri na saa 8 mchana mgeuze bila huruma, hata kama ndo simba ameonekana. Msiende masika, Machi hadi Mei, maana ule uwanda unageuka tope na gari dogo halitoki.

Wenye mchanganyiko, mmoja ana 2 na mwingine ana 9, ndo wanaoniuliza zaidi. Jibu langu ni Holili kwa familia nzima, halafu Amboseli mzazi mmoja aende na mkubwa peke yake siku nyingine, mdogo abaki kwa bibi. Mtoto wa kwanza huwa hapati siku nzima ya peke yake na baba au mama tangu mdogo wake azaliwe, na kwenye gari lile hakutakuwa na mtu wa kumwambia nyamaza utamwamsha mwenzio.